Miguu Minne ya Kasha la Beringi

Kwa siku tisa usingizi ulinikataa kwa sababu ya pembetatu nyeusi iliyokuwa ndogo kuliko punje ya hindi. Swali lilikuwa moja: niliichora wapi? Kwenye miguu ya kasha, au kwenye uso wake wa mbele? Nilikuwa na hakika niliichora kwenye miguu. Baada ya muda nilikuwa na hakika ileile kwamba niliichora kwenye uso wa mbele. Kila kumbukumbu ilikuja na wino wake na rula yake, hata na jasho la kiganja changu cha kushoto likilowesha karatasi.

Mtu asiyefanya kazi ya michoro ataona huu ni wazimu, kwa hiyo nieleze. Kasha lenyewe lilikuwa la chuma cha kumimina, kubwa kiasi cha sanduku la safari. Ndani yake mlikaa beringi mbili zilizobeba shafti ya pampu, na pampu hiyo ilisukuma uji wa mawe yaliyosagwa katika kiwanda cha kuchujia shaba, kwetu Kolwezi. Kasha lilisimama juu ya miguu minne mifupi iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu. Kwa mbele lilikuwa na uso wa mviringo, mpana, uliochongwa ukang'aa, ambao kazi yake ilikuwa kupokea kifuniko cha kuzuia grisi isimwagike. Basi.

Ukichora kitu kama hicho huwezi kuandika vipimo tu. Lazima useme vinaanzia wapi. Hakuna chuma kinachotoka kwenye mashine kikiwa kamili. Kila uso umepinda kidogo, kila tundu limekwenda upande kidogo. Kwa hiyo mchoraji anachagua uso mmoja na kusema: huu ndio tutakaouamini, mengine yapimwe kutoka hapa. Anauwekea pembetatu nyeusi na herufi A ndani ya kisanduku. Kisha anachagua B, kisha C. Ukilaza kitabu juu ya meza, ukakisukuma mpaka kiguse ukuta, halafu ukakitelezesha mpaka kiguse ukuta wa pili, umekwisha kuelewa A, B na C. Ugumu uko katika kuchagua. Chuoni Lubumbashi mwalimu wetu alirudia mpaka tukachoka: chagueni uso ambao kitu kinaukalia kikiwa kazini, si ule unaopendeza macho, wala ule ulio rahisi kwa fundi kuushika.

Maneno hayo yalinikaa kichwani, lakini mimi ni mtu wa kutafuta shaka hata mahali pasipo na shaka. Kwa wiki tatu nilichora kasha lile kwa penseli katika daftari langu mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ukurasa mmoja ulikuwa na A kwenye miguu, na chini yake sababu zangu. Ukurasa wa pili ulikuwa na A kwenye uso wa mbele, na chini yake sababu nyingine, nazo ziliandikwa vizuri vilevile. Miguu ilikuwa midogo na ya kukwaruza. Je, utaamini uso mdogo? Uso wa mbele ulikuwa mpana na safi, lakini haukubeba kitu. Mwishowe nilitia wino, nikampa mkuu wa ofisi mchoro wangu siku ya Jumatano ya Juma Kuu, nikaenda zangu nikiwa na homa.

Wakati huo kampuni yetu ya machimbo ilikuwa ikianguka kipande kwa kipande. Maji yalipanda katika mashimo ya mgodi wa Mashamba kwa sababu hakukuwa na pampu za kutosha kuyatoa. Nyaya zilikatwa na kutoweka. Umeme ulikuja kama mgeni anayepiga hodi na kuondoka kabla hujamkaribisha. Unga wa mgao wa wafanyakazi ulikuwa umesahaulika. Na redioni, na mikutanoni, ikasemwa kwamba sababu ni sisi. Sisi, maana yake watu ambao babu zao waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba. Nilizaliwa Kolwezi. Mama yangu alizaliwa Kolwezi. Baba yangu alizikwa Kolwezi. Lakini katika kitambulisho changu kulikuwa na jina la kijiji ambacho sijawahi kukanyaga, na sasa walitupima kuanzia pale.

Stesheni ilijaa. Familia zililala kando ya reli na kabati zao, vitanda vyao, milango waliyoing'oa, zikingoja mabehewa ya kwenda Kasai. Kila asubuhi nikienda kazini niliona nyumba nyingine ya kambi yetu ikiwa na shimo mahali pa mlango.

Sisi tulibaki, na tulibaki kwa sababu ya mtu mmoja. Mkuu wa ofisi ya michoro alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, Mkatoliki kama sisi, rafiki wa baba yangu tangu ujana wao. Askofu aliponipaka mafuta ya kipaimara, mkono wa msimamizi uliokuwa begani mwangu ulikuwa wake. Nilimwita tata, si kwa heshima tu kama tunavyowaita wanaume wote wazima, bali kwa maana yake. Jumapili moja, katikati ya zile siku tisa, alikuja kwetu, akala ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akanawa, akamwambia mama:

"Mama, usisikilize maneno ya barabara. Mi niko. Hakuna muntu atagusa hii nyumba."

Mama alikuwa amekwisha kufunga mabegi mawili. Baada ya kumsindikiza mgeni aliyafungua, akarudisha masufuria rafuni moja moja. Jirani zetu waliondoka na mabehewa ya wiki ile, wakati nafasi za kukaa zilikuwa bado zinapatikana. Mama aliwapungia mkono kwa aibu kidogo, kama mtu aliyepata kitu ambacho wenzake wamekosa.

Lazima niseme pia kwamba ni yeye, huyo tata, aliyenifundisha wembe. Sisi tulichora kwa wino juu ya kalki, karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Ukikosea hufuti. Unachukua wembe na kukwangua wino polepole mpaka utoke wote, halafu unasugua pale kwa mgongo wa kijiko mpaka karatasi iwe laini tena. Hiyo ilikuwa sifa ya ofisi yetu. Michoro ya Kolwezi haikuwa na mistari iliyokatwa wala maelezo ya marekebisho. Jedwali la marekebisho kwenye kona lilibaki tupu miaka yote. "Kalki nzuri haionyeshe kosa," alipenda kusema. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mikwaruzo yangu iliinama upande mmoja na ya ofisi nzima iliinama upande mwingine. Alinitania kwa hilo.

"Weye unakwangua sawa kuku anatafuta mchwa," alisema, na wenzangu walicheka, nami nikacheka.

Kasha lilichongwa, likafungwa, pampu ikawashwa. Baada ya siku chache shafti ikakatika. Pampu ile ilikuwa ya mwisho iliyokuwa ikizunguka upande ule wa kiwanda. Uji wa mawe ulifurika, ukaganda kwenye mabomba, na kazi ikasimama. Kufikia mchana neno lilikuwa limezunguka karakana zote: hujuma. Hakuna aliyetaja jina. Hawakuhitaji.

Tata aliniita mezani kwake. Alikuwa ametandaza nakala ya mchoro, ile ya mistari ya zambarau inayokwenda kwa mafundi. Kwenye kona palikuwa na jina langu. Pembetatu ya A ilikuwa kwenye uso wa mbele.

"Ni mchoro wako?"

Mtu mwingine angesema si mimi. Mimi nilitazama pembetatu ile, nikakumbuka ukurasa wa pili wa daftari langu na zile sababu zilizoandikwa vizuri, nikasema, "Nafikiri."

"Unafikiri," alirudia. Hakukasirika. Alivuta kiti, akaniketisha. "Usiogope. Kijana anakosa, njo kujifunza. Mi nitaandika barua, useme ni kosa yako, haukufanya na makusudi. Utie saini. Nakupatia cheti cha kazi na muhuri, na nyumba munabaki nayo. Bakubwa banataka jina moja tu. Bakipata jina banatulia."

Cheti hicho kilikuwa kila kitu. Bila cheti cha kazi, shahada yangu ilikuwa karatasi ya kijana ambaye hajawahi kuaminiwa na mtu. Aliniambia barua itakuwa tayari Ijumaa ya wiki inayofuata. Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Zile ndizo siku tisa. Nilipekua daftari mpaka kurasa zikalegea. Nilijaribu kukumbuka mwanga wa dirisha wakati natia wino, nani alikuwa anakohoa, kalamu ilikuwa ya unene gani. Nilimwuliza mwenzangu wa meza ya jirani kama alinisikia nikisema neno miguu. Aliniambia nilikuwa nalisema hata nikila.

Siku ya saba nilikwenda karakana. Fundi mkubwa alikuwa mzee aliyetoka Kisenge, ambako machimbo ya manganizi yalilala kabla ya yetu kulala. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya mashine ya kukereza, anangoja umeme, anamenya karanga.

"Tata, lile kasha lilikuwa na shida gani?"

"Kasha haikuwa na shida. Karatasi njo ilikuwa na shida." Alinipa karanga. "Tuliipima ku uso wa mbele, sawa muliandika. Muzuri kabisa, hata unywele haupite. Tukaipeleka kule, tukaiweka ku fremu. Ikacheza sawa meza ya bar. Tukakaza bolti kwa nguvu, tukasema itazoea. Chuma hakizoee, mutoto yangu. Ilipinda shafti mpaka ikachoka."

Niliendelea kushika karanga bila kula.

"Na weye umesoma Lubumbashi miaka yote ile," alisema, "na haujue kitu inakalaka ku miguu?"

"Najua."

"Basi sababu ya nini uliandika mbele?" Kisha akajijibu mwenyewe, kwa upole, kama anayenitafutia udhuru. "Mi nilisema labda mulisikia mashine kubwa ya kuchonga matundu imekufa. Moteri yake ilitoka na mulango ya nyuma, hakuna muntu aliona. Tulibaki na hii ya kukereza tu, na hii inaweza kushika kasha ku mbele, ku miguu haiweze. Nikasema, aa, batu ya ofisi banatuhurumia."

"Ilikufa lini?"

"Nyuma ya Pasaka."

Nilirudi ofisini nikitembea polepole. Mchoro niliutoa Jumatano ya Juma Kuu, kabla ya Pasaka. Wakati ule mashine kubwa ilikuwa nzima, na hakukuwa na mtu wa kumhurumia. Mtu aliyeweka A mbele ili karakana iweze kushika kasha alikuwa mtu aliyejua kwamba mashine imekufa, na mimi sikujua mpaka siku ile. Ungefikiri hapo nililala. Sikulala. Nilisema labda nilichagua mbele kwa sababu nyingine, ya kijinga zaidi, na bahati mbaya ikalingana na kifo cha mashine. Mtu anayejishuku hakosi njia.

Ijumaa barua ilikuwa tayari, imepigwa taipu, ukurasa mmoja na nusu. Nafasi ya namba ya mchoro ilikuwa tupu. Tata alikuwa anaitwa kwenye mkutano wa wakubwa. Alichomoa ufunguo wa kabati la kalki kutoka mfukoni, akanitupia.

"Toa kalki, uandike namba pale. Kisha saini. Narudi."

Nimefikiri sana juu ya ufunguo ule. Nadhani alinijua vizuri mno. Aliamini kwamba hata nikiiona kalki nitapata njia ya kujilaumu.

Umeme haukuwepo, na meza yetu ya taa, ile ya kioo inayomulika kwa chini, ilikuwa imekufa. Kona ya kalki ilikuwa na doa la vumbi la mafuta. Sikuweza kusoma namba. Niliipeleka dirishani, nikaibandika kwenye kioo kwa viganja vyote viwili ili jua la asubuhi lipite nyuma yake.

Namba ikasomeka. Pembeni ya macho yangu, chini, kwenye miguu ya kasha, kulikuwa na mahali palipong'aa kuliko karatasi yote. Palikuwa padogo, na umbo lake lilikuwa la pembetatu na kisanduku. Mtu alikuwa amekwangua pale, akasugua vizuri sana kwa mgongo wa kijiko. Mezani usingeona kitu. Dirishani mikwaruzo ilionekana moja moja, myembamba, ya mkono uliotulia, na yote iliinama upande ambao mkono wangu hauwezi kuinamisha.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Naona haya kuandika hivyo. Nilikuwa nimechora kwenye miguu. Nilikuwa nimechagua, na nimechagua vyema, na kwa dakika nzima nilisimama pale nikiwa na uso wangu karibu na kioo kama mtoto. Halafu nikatambua mkono ule ni wa nani. Nilikuwa nimekaa kando yake miaka miwili nikiutazama ukifanya kazi. Ulikuwa umekaa begani mwangu kanisani.

Aliporudi nilikuwa bado dirishani.

"Tata, nani alikwangua hapa?"

Alitazama kalki, kisha akatazama dirisha, kana kwamba dirisha ndilo lililomkosea.

"Rudisha hiyo kitu mu kabati."

"Ni mkono wako."

Alivua kofia, akaiweka juu ya barua. "Ni mukono yangu," alisema. "Mashine ilikufa. Bakubwa banapiga telefoni kila siku, banataka kasha, banataka kasha. Mafundi banaweza kushika ile kitu ku mbele tu. Ungefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie weye?" Alicheka kidogo, na hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, ndiyo maana kiliniuma. "Muntu akikuuliza kama unataka chai, unaomba siku mbili. Ningekuambia, tungekuwa tungali tunangoja jibu."

Alikuwa anasema kweli.

"Basi waambie ni wewe," nilisema mwishowe.

Alikaa. Nilimwona amezeeka. Alizungumza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinisomeshea, akieleza jambo lililo wazi kwa mwanafunzi asiyeelewa haraka.

"Sikia, mutoto yangu. Mi niko na batoto saba, na nabaki hapa. Weye utapanda train. Ku Kasai nani anajua kasha? Hakuna. Hii kosa ikikufuata kule haitakufanya kitu. Hapa itaniua. Uibebe, uende nayo. Njo maana nilikuchagua weye."

Sikusikia tena yaliyofuata, kwa sababu nilikuwa bado kwenye neno train.

"Ulimwambia mama kwamba hatuondoki."

Alisugua macho kwa vidole. "Liste ilitoka. Barabara yenu yote iko ndani."

"Ilitoka lini?"

"Jumatatu ya ile wiki shafti ilikatika."

Wiki ile ilikuwa kabla ya Jumapili aliyokuja kula kwetu. Alikuwa ameiona orodha ya watakaofukuzwa, halafu akaja, akanawa mikono, akala, akamwambia mama afungue mabegi. Alihitaji nibaki mpaka nitie saini.

"Tia saini," alisema. "Cheti nakupatia leo, na muhuri. Hiyo naweza. Nyumba siweze."

Nikamjibu kwa neno langu la siku zote. "Nitafikiri."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo, akaniachia barua niende nayo nyumbani. Ufunguo alisahau kuuomba.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua majani ya sombe. Ananiita papa, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Nilimweleza yote, tangu pembetatu mpaka orodha, na nilieleza kwa kuzunguka kama kawaida yangu, hadi akaweka bakuli chini.

"Kwanza, hii kitu inakalaka ku nini?"

"Ku miguu, mama."

"Na weye uliandika miguu?"

"Niliandika miguu."

"Basi unafikiri nini tena, papa?"

Nilisema kuna cheti. Nilisema bila cheti nitafika Kasai mikono mitupu, sijui mtu, sijui hata lugha vizuri. Nilisema labda barua haina madhara, kosa la kasha moja, nani atakumbuka. Mama alinyoosha mkono nimpe barua. Alisomesha watoto wa katekisimu miaka mingi. Anasoma polepole, kila neno. Akafika ukurasa wa pili, ambao mimi niliuruka kwa sababu ya haraka ya kujilaumu, akaniwekea kidole. Pale iliandikwa kwamba kwa sababu ya kosa hili, mimi mwenyewe ninapendekeza michoro yote ya wachoraji wenye asili ya Kasai isitumike mpaka ichunguzwe upya, na wenyewe wasimamishwe. Walikuwa wamebaki wawili ofisini kwetu, pamoja nami watatu. Mmoja ndiye niliyemuuliza kama alinisikia nikisema neno miguu.

"Huyu muntu alikula hapa," mama alisema. "Na mukono ile ile."

Hakusema zaidi juu yake. Aliingia ndani, akaanza kushusha masufuria. Ukutani palikuwa na picha ya kipaimara changu: mimi katika shati jeupe, na tata nyuma yangu. Nilidhani ataiacha. Aliifunga katika kitenge, akaiweka begini katikati ya nguo.

"Ni picha yako," alisema aliponiona natazama. "Yeye alipita tu ndani."

Asubuhi ya Jumamosi nilifika ofisini kabla ya wengine. Nilitoa kalki, nikaitandaza. Mkono wangu, bila kuniuliza, ulikuwa umekwisha kuchukua wembe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: kukwangua pembetatu ya uongo, kusugua kwa kijiko, kurudisha ya kweli, na kalki iwe safi tena kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Mchoro ungekuwa sahihi. Mafundi wangepata wanachohitaji. Na mkono wa tata ungetoweka chini ya wangu, nami ningebaki mtu aliyechora mbele, akashtuka, akajirekebisha.

Nilifikiri juu ya hilo kwa muda. Kwa kipimo changu ulikuwa muda mfupi. Kisha niliweka wembe chini, nikachukua kalamu.

Sikukwangua. Juu ya pembetatu ya mbele nilipiga mstari mmoja mwembamba, ili mtu yeyote aone kwamba ilikuwepo. Kwenye miguu, palepale palipokwanguliwa, nilichora A upya. Karatasi ilikuwa imechoka na wino ukasambaa kidogo pembeni, ukawa na manyoya. Niliuacha hivyo. Halafu nilijaza mstari wa kwanza wa lile jedwali la marekebisho ambalo hakuna aliyewahi kulijaza: A imerudishwa kwenye miguu, kasha linapokaa. Ilihamishiwa mbele baada ya Pasaka na mkuu wa ofisi bila mchoraji kujulishwa. Nikaandika jina langu lote na tarehe.

Mashine ya nakala haikuwa na umeme, lakini tulikuwa tumejifunza kutumia jua. Unalaza kalki juu ya karatasi ya dawa, unaifunika kwa kioo, unaiweka uani dakika chache, kisha unaitia kwenye bomba lenye chupa ya amonia. Nilitoa nakala mbili. Macho yalinitoka machozi kwa amonia, nikaona afadhali yawe na sababu.

Nakala moja nilimpelekea fundi wa Kisenge. Aliinua mbali na uso wake, akasoma jedwali hadi mwisho, midomo ikisogea.

"Mashine kubwa haiko," nilimwambia. "Utalichonga vipi?"

"Miguu nitasawazisha na mukono. Rangi ya buluu ionyeshe palipoinuka, kikwanguo, polepole, siku mbili. Kisha nalifunga ku mashine ya kukereza na kona ya chuma, likalie miguu yake."

"Ungeweza hivyo tangu mwanzo?"

"Nani aliniulizaka?" alisema.

Nilitoka pale nikiwa na neno hilo. Siku mbili za kazi ya mkono. Tata hakumuuliza fundi, hakuniuliza mimi. Alikwenda kwenye wembe moja kwa moja, kwa kuwa wembe haukuwahi kumwangusha.

Nakala ya pili niliibandika kwenye ubao wa ofisi, mahali ambapo wenzangu wawili wangeiona wakiingia. Nilikuwa ninabonyeza pini ya mwisho tata alipofika mlangoni. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma mara moja tu. Yeye hakuwahi kuhitaji mara mbili.

"Umemaliza kufikiri," alisema.

"Nimemaliza, tata."

Bado nilimwita hivyo. Mdomo haukuwa na neno lingine la kumwita. Alitazama barua niliyoshika, akatazama droo yake ambamo cheti changu kilikuwa, kisha akanitazama, akingoja nizungumze kwa kuzunguka, nitoe sababu za upande huu na za upande ule. Niliweka ufunguo wa kabati mkononi mwake, na juu ya ufunguo nikaweka barua bila saini. Halafu nikaenda nyumbani kung'oa mlango, nikaubeba kichwani nyuma ya mama mpaka stesheni.